Tembo Aliyebeba Chupa

(Nilizungumza haya mbele ya wachongaji na wanafunzi wao, Bagamoyo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza kurudiarudia.)

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha patasi mezani mkaja kukaa mkekani, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mimi ni mtu wa tindo, kipaza sauti sikukizoea, kwa hiyo nikirefusha nivuteni shati.

Mara ya kwanza nilipofika Guangzhou nilikuwa na begi la vinyago vya mpingo na orodha ya vitu vya kununua, aliyoiandika mama watoto kwa mkono wake, kurasa mbili. Siku moja mvua ikanikamata njiani. Nikakimbilia jengo la karibu, kumbe ni jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894, ambalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa za mikono za Guangdong. Humo ndani nikakuta kabati la kioo lenye tufe la pembe za ndovu, limetobolewatobolewa kama lesi, na kando yake glasi ndogo ya maji. Nikajua mlinzi kasahau maji yake ya kunywa. Nikamwonyesha. Akacheka, akanieleza kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza kwamba maji ni ya pembe. Hewa ikiwa kavu, pembe hupasuka. Glasi ile inatia unyevu kabatini.

Nikawaza: jino limetoka mdomoni mwa mnyama miaka mia na zaidi, na bado lina kiu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia kazi ya wale mafundi. Na leo sikuja kuwafundisha kuchonga pembe. Huko ni jela, na mnajua. Nimekuja kuwaambia walikuwa wanasema nini kwa ile pembe, maana kila kipande kilikuwa kinasema jambo.

Nianze na jina. Sisi tunasema pembe za ndovu, na askari wa wanyamapori anaandika nyara, meno ya tembo. Ni jino kweli, si pembe. Mchina hana utata hapo: anaita xiangya, jino la tembo. Sasa nisikilizeni. Tembo ni xiang. Na xiang huyohuyo, kwa herufi ileile, maana yake ni taswira, ishara, sura ya kitu kisichokuwepo mbele yako. Mwanafalsafa wao Han Fei, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alieleza ilivyotokea. Watu, alisema, ni nadra kumwona tembo hai. Wanapata mifupa ya tembo aliyekufa, na kutokana na mifupa ile wanajaribu kumwaza alivyokuwa akiwa hai. Ndiyo maana kila kinachowazwa bila kuonekana kinaitwa tembo.

Nilipolisikia hilo nilikaa kimya dakika nzima. Kwetu tembo ni tembo. Anavunja mihogo, anakunywa tangi la maji la shule. Kwao amekuwa neno la kuwazia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani tembo walikuwa wakitembea hadi bonde la Mto Manjano, mbali sana kaskazini. Mkoa wa Henan una jina lake la mkato, Yu, na herufi yake ina tembo ndani yake mpaka leo. Mwaka 1976, huko Anyang, wachimbaji walifungua kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyekuwa pia jemadari wa vita, wakakuta vikombe vya pembe vilivyopachikwa feruzi. Vina miaka kama 3,200. Mwaka 2001 pale Jinsha, mjini Chengdu, yakafukuliwa meno mazima ya tembo, zaidi ya tani moja, yamezikwa kama sadaka. Na kazi ya zamani kuliko hizo ni ya Hemudu, mkoa wa Zhejiang, miaka kama 7,000 iliyopita: kibao kidogo cha pembe, ndege wawili wanatazamana, jua liko katikati yao linawaka. Aliyechonga hakuwa na chuma. Mimi nina keekee ya umeme na bado naharibu mdomo wa ndege.

Kisha misitu ikafyekwa, mashamba yakapanuka, tembo wakawindwa na kusukumwa kusini, kusini tena. Leo wamebaki kama 300, pembeni kabisa mwa nchi, mkoani Yunnan. Fundi wa Beijing au wa Suzhou alichonga tembo maisha yake yote bila kumwona hata mmoja. Basi jino likawa linatoka ng'ambo: Siam (Thailand ya leo), Annam (Vietnam ya leo), India. Na kwetu.

Kwetu tangu lini? Msafiri wa Kiarabu al-Masudi, aliyesafiri kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanaamini ni Pemba, kwenda Oman mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi ya Wazenji, yaani pwani yetu hii, zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikaenda India na China. Akaongeza kwamba isingekuwa hivyo pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. Miaka 1,100 iliyopita, jamani, na mteja alikuwa anajulikana. Hata hivyo tusimbebeshe Mchina mzigo wote. Zile pembe zilizopita hapa Bagamoyo karne ya 19, mabegani mwa Wanyamwezi, zikavuka kwenda Unguja, nyingi ziliishia Bombay, London na Marekani, zikawa bangili, vipini vya visu, mipira ya biliadi na vitufe vya piano. Kuna watoto wa Connecticut waliojifunza nyimbo za kanisani wakibonyeza meno yaliyopita hapa.

Pembe ya upande wetu ilipendwa kwa sababu fundi yeyote hapa ataielewa. Wafanyabiashara waliigawa mafungu mawili: ngumu, inayong'aa kama kioo, ya magharibi mwa Afrika, na laini, nyeupe ya maziwa, ya mashariki. Laini inakubali kisu, haikatikikatiki, haina haraka ya kupasuka. Halafu haina nyuzi kama mti. Mpingo unakuambia wewe uchonge kuelekea wapi. Pembe inakuacha uamue, na ukikosea ni wewe.

Sasa nije kwenye maneno.

Sisi watu wa pwani tunajua kusema bila kufungua mdomo. Mama akimchukia jirani hamgombezi, anajifunga kanga yenye jina lake, anapita mbele ya mlango mara tatu. Mchina anafanya hivyo kwa picha. Lugha yake ina maneno mengi yanayofanana sauti, kwa hiyo akitaka kukutakia jambo anakuchorea kitu ambacho jina lake linasikika kama lile jambo. Popo ni fu; na fu ni heri. Kwetu popo akiingia ndani watu wanatafuta ufagio. Kwao popo watano wanachongwa kwenye kifuniko cha sanduku la bibi harusi, nao ni heri tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo cha kawaida mwisho wa siku zako. Hiyo ya tano naipenda sana. Mtu anakutakia ufe vizuri na wewe unashukuru.

Samaki ni yu, na yu ni ziada, chakula kibaki ghalani. Paa ni lu, na lu ni mshahara wa serikali. Mnacheka, lakini enzi zile kijana akifaulu mtihani wa utumishi ukoo mzima unakula, kwa hiyo paa alichongwa sana. Komamanga likipasuliwa linaonyesha mbegu, na mbegu ni zi, na zi ni watoto. Pichi ni umri mrefu, wala hapo hakuna mchezo wa sauti, ni hadithi za matunda ya mbinguni. Ukiona mzee mwenye paji la uso limefura kama boga, kashika pichi na fimbo, pembeni yake paa au korongo, huyo ni Shouxing, mzee wa umri. Jino lililopinda lilimfaa sana, kwa sababu mzee naye amepinda.

Na tembo? Xiang, tembo, inakaribia sauti ya xiang nyingine, ya bahati njema; tofauti ni mpando wa sauti tu. Ukimchonga mtoto amepanda tembo umesema "qi xiang", na sikio la Mchina linasikia "jixiang", heri na bahati. Halafu kuna picha moja iliyochongwa mara nyingi, ya tembo mtulivu, masikio yamelala, amebeba mgongoni chupa ya maua. Chupa ni ping. Na ping ni amani. Tembo ni ishara, kama nilivyowaambia. Ziunganishe: taiping you xiang, yaani kuna dalili za amani kuu. Ilikuwa zawadi ya kumpa mfalme, kumwambia nchi yako imetulia.

Iangalieni vizuri picha hiyo. Tembo wa amani, amechongwa kwenye jino la tembo. Na jino haling'olewi kama la kwetu kwa daktari. Karibu theluthi yake imezama kwenye fuvu, na kulipata lote mnyama lazima afe. Nimeshika picha yake mara nyingi, nimeisifia ile mikunjo ya ngozi magotini, nikashindwa kuendelea kusifia.

Lakini msidhani mimi ndiye niliyeliona jambo hilo. Waliliona wenyewe, na mapema. Mwaka 549 kabla ya Kristo, waziri Zichan wa nchi ndogo ya Zheng alimwandikia barua waziri wa dola kubwa ya Jin. Jin ilikuwa inatoza ushuru mzito kwa nchi ndogo. Zichan alimwonya kwamba mali iliyokusanywa hivyo itamgeukia mwenyewe, akaandika: tembo ana meno, na kwa meno hayo mwili wake unaangamia, kwa kuwa ni mali. Maneno hayo wakayafanya methali. Sisi tunasema ndovu hashindwi na mkonga wake, tukimsifu kwamba mzigo wake anaumudu. Wao wakatazama mbele kidogo ya mkonga.

Na Han Fei yuleyule ana kisa cha vijiti vya kulia. Mfalme wa mwisho wa Shang, dola ya kale ya China, alijitengenezea vijiti vya pembe. Mzee wa ukoo wake, Jizi, akaingiwa na hofu. Watu wakashangaa, vijiti tu? Jizi akapiga hesabu: vijiti vya pembe havikai na bakuli la udongo, vitataka vikombe vya jedi na pembe za kifaru. Vikombe hivyo havitiwi mboga za majani na kunde, vitataka nyama za ajabu. Anayekula nyama hizo havai kaniki wala halali chini ya makuti. Atataka hariri na maghorofa. Miaka mitano baadaye, yasema hadithi, ndivyo ilivyokuwa, na dola ikaanguka. Nadhani kila mtu hapa anamjua jamaa aliyeanza na simu.

Pembe ilikuwa pia cheo, hilo nalipita haraka. Enzi za Tang, afisa wa daraja la tano kwenda juu aliingia mbele ya mfalme ameshika mbele ya kifua kibao chembamba cha pembe. Wa chini yake walishika cha mti au mwanzi. Ulikuwa unamjua mtu kwa kibao, kama siku hizi unavyomjua kwa gari. Na enzi za Qing mafundi wa Guangdong walipasua pembe nyuzi nyembamba kama ukindu, wakasuka mikeka ya kulalia wakubwa wakati wa joto. Nyinyi wasusi wa mkeka mfikirie hilo. Mfalme Yongzheng aliamuru mwaka 1734 kazi hiyo ikome, kwamba ni anasa iliyopita kiasi. Mfalme, mwenye kila kitu, akasema hapa tumezidi.

(Hapa mzee mmoja aliuliza kama walichonga watu wa dini. Nikamjibu hivi.)

Walichonga sana, mzee wangu. Guanyin, mtakatifu wa Wabudha mwenye huruma, alichongwa kwa maelfu, na umbo lake lina siri ya fundi. Jino limepinda, basi na yeye huegemea kidogo upande mmoja, kama mtu anayekusikiliza. Mwishoni mwa karne ya 16, Wahispania waliokuwa Manila waliagiza sanamu za Bikira Maria kwa mafundi wa pwani ya Fujian. Fundi yuleyule, asubuhi Maria na mtoto, jioni Guanyin na mtoto. Ukiziweka pamoja, nguo zinakunjika namna moja. Na umbo la jino lenyewe lina kanuni zake. Sehemu ya chini, upande wa fuvu, ina uwazi ndani, kwa hiyo wanaikata mapipa ya kuwekea brashi za kuandikia. Ncha ni ngumu, haina tundu, hiyo ni ya sanamu na tufe. Hakuna kilichotupwa, hata vumbi.

Tufe sasa. Nilijua vijana wataliulizia.

Maandishi ya mwaka 1388 tayari yanataja tufe la pembe lenye tufe jingine ndani yake, yakizunguka, na jina lake ni kazi ya mizimu, maana watu waliamini mkono wa binadamu haufiki humo. Mafundi wa Guangzhou wakaongeza tabaka hadi zikapita ishirini, zote kutoka kipande kimoja, bila gundi, bila kiungo. Nami nilipoliona nilisema ni uongo, wameunganisha. Nikalitazama muda mrefu kutafuta mshono.

Linafanywa hivi. Unakereza kipande kwenye kerezo mpaka kiwe mviringo kamili. Unatoboa matundu, kwa kawaida 14, yote yaelekee kitovu, mapana juu na membamba ndani kama faneli. Kisha unachukua kisu kilichopinda ncha kama herufi L, unakiingiza tunduni mpaka chini kabisa, na kukata ubavuni. Unahamia tundu la pili, unakata mpaka ukutane na ulipokata mwanzo. Tundu la tatu. Ukimaliza matundu yote, tufe dogo la kati linaachia na kuanza kucheza. Unapanda tabaka moja juu, kisu kingine, kilichopinda kwa kipimo kingine. Hivyo hivyo hadi nje. Baadaye unarudi kutia nakshi kila tabaka kupitia matundu yaleyale, na tabaka la nje, ambalo ndilo nene, unalichonga joka na mawingu. Mkono ukiteleza tabaka la tisa, umepoteza miezi. Fundi anasikiliza kuliko anavyotazama. Sauti ya kisu inabadilika kikikaribia ukuta.

Hii kazi nyembamba ilistawi Guangzhou kwa sababu hewa yake ni ya unyevu kama ya kwetu. Beijing ni kukavu, ndiyo maana mafundi wa huko walipenda sanamu nzito. Mnaikumbuka glasi ya maji.

(Kijana mmoja aliuliza: "Sasa kama imekatazwa, wale mafundi wanakula nini, mwalimu?")

Swali la fundi hilo. Mkataba wa dunia wa biashara ya wanyamapori, CITES, ulifunga biashara ya kimataifa ya pembe, uamuzi ukiwa wa mwaka 1989. Mwaka 2006 China iliweka uchongaji wa pembe kwenye orodha ya urithi wake wa taifa, na mwaka 2008 ikaruhusiwa kununua tani 62 kwa mpigo mmoja kutoka kusini mwa Afrika. Soko likapamba moto, na wezi wakajificha humo. Hapa kwetu tulikuwa na tembo zaidi ya 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000. Februari 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu miaka 15 mfanyabiashara wa Kichina aliyepewa jina la Malkia wa Pembe, na kando yake walisimama Watanzania wawili. Msiwasahau hao wawili. Jino halijawahi kutembea peke yake mpaka bandarini.

China yenyewe ikafunga uchongaji na uuzaji wa kibiashara mwisho wa mwaka 2017. Fundi wa miaka sitini, aliyeanza akiwa na kumi na sita, akaambiwa basi. Mimi namwonea huruma, na sioni haya kusema hivyo mbele yenu, ijapokuwa tembo namwonea huruma zaidi. Wengine wanatengeneza vitu vya makumbusho vilivyoharibika, kazi hiyo imeruhusiwa. Wengine wamehamia kwenye jino la mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya anayefukuliwa kwenye barafu ya Siberia. Huyo nina mashaka naye, maana akishapigwa msasa inahitaji jicho la mtaalamu kumtofautisha na aliyeuawa juzi: unatazama mistari inayokatizana kwenye mkato, kona inapokatizana imefunga au imefunguka. Wengine wamechukua mfupa wa ng'ombe, na kokwa za zeituni, ambazo Guangdong wanazichonga tangu zamani. Fundi mmoja wa jumba la mfalme, Chen Zuzhang, mwaka 1737 alichonga kwenye kokwa moja mashua yenye watu wanane na madirisha yanayofunguka. Alikuwa mchonga pembe, na kazi yake inayosifiwa mpaka leo ni ile ya kokwa.

Na popo kwenye mfupa wa ng'ombe anasomeka fu vilevile. Chupa ni ping hata ukiichonga kwenye mpingo. Nimejaribu. Nina hapa tembo wa mpingo, amebeba chupa. Aliyeninunulia mwenzake Guangzhou alikuwa bibi mmoja, akamgeuzageuza, akasoma kwa sauti: taiping you xiang. Hakuniuliza ni mti gani. Aliniuliza tu kama masikio kweli ni makubwa hivyo, maana wa kwao ana masikio madogo. Nikamwambia mama, hayo nimeyapunguza.

Mwenyekiti ananitazama saa. Sawa. Kwenye mfuko huu nina tufe la mfupa wa ng'ombe, tabaka tano, nililopewa na fundi wa kule. Lipitisheni mkononi, mmoja mmoja, kuanzia nyuma. Tikiseni polepole mtasikia yanavyogongana ndani. Kijiti msitie, mwaka jana mwanangu alitia njiti ya kiberiti kulinganisha matundu, ikakatikia tabaka la tatu, na mpaka leo sijaitoa.